Hiari Katika Ulimwengu wa Sababu: Kumbukumbu na Mafunzo ya Adungosi

Swali lenyewe

Hiari ni uwezo wa mtu kutenda kwa uamuzi wake mwenyewe, hata tendo likahesabiwa kuwa lake na yeye akaweza kuulizwa kwa nini alilitenda. Nadharia ya ulazima wa sababu inashikilia kwamba kila jambo, pamoja na mawazo na maamuzi ya binadamu, hutokana na yaliyolitangulia kwa kufuata kanuni za maumbile. Yaliyotangulia yakishakuwa vile yalivyo, hakuna jingine linaloweza kutokea. Kauli hizi mbili zikiwekwa pamoja huzaa swali ambalo wanafikra wameshindana nalo kwa karne nyingi: ikiwa kila uamuzi umetokana na sababu zilizoanza kabla ya mwamuzi kuzaliwa, je, uamuzi huo bado ni wake?

Mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliipa nadharia hiyo sura yake kali mwaka 1814. Aliwaza akili ambayo ingejua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu na kila nguvu inayoisukuma. Kwa akili hiyo, alisema, hakuna ambacho kingekuwa na shaka. Yajayo na yaliyopita yangekuwa wazi mbele yake sawasawa. Mwaka 1983 mwanafalsafa Mmarekani Peter van Inwagen aliligeuza wazo hilo kuwa hoja fupi. Hakuna mtu mwenye mamlaka juu ya mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa. Hakuna mwenye mamlaka juu ya kanuni za maumbile. Ikiwa matendo ya watu ni matokeo ya hayo mawili, basi hakuna mwenye mamlaka juu ya matendo yake.

Katika pwani ya Waswahili swali hili limejadiliwa kwa jina la kadha na kadari. Miongoni mwa wanazuoni wa mwanzo wa Kiislamu, Jabriya walisema binadamu hana uwezo wowote juu ya tendo lake, na Kadariya walisema tendo ni lake kabisa. Abu al-Hasan al-Ashari, aliyefariki katika karne ya 10, alishika njia ya kati: Mungu huumba tendo, na binadamu hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake kwa kulikusudia. Wanazuoni wa Ibadhi wa Oman, ambao madhehebu yao yalifika Zanzibar pamoja na masultani, wana msimamo unaokaribiana na huo. Amri ya Mungu na kanuni za maumbile ni vitu viwili mbalimbali, lakini umbo la swali ni moja: jambo lililokwisha kupangwa linawezaje kuwa la mtendaji?

Yale ambayo mtu hakuyachagua

Adungosi ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Wateso. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia hapo, akiwa na miji miwili ya mpakani, Busia na Malaba, kwa jirani. Malori ya kwenda Kampala na mbele zaidi hupanga foleni katika miji hiyo, na mtoto wa sehemu zile hujifunza mapema kwamba upande wa mpaka aliozaliwa una uzito. Hakuna somo la falsafa linalohitajika ili kuona kwamba maisha ya mtu huanza na mambo ambayo hakuulizwa.

La kwanza ni mpaka wenyewe. Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza iliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso wa upande mmoja wakajikuta katika nchi moja, na ndugu zao wa Tororo, Kumi na Soroti katika nchi nyingine. Karne moja baadaye uamuzi ule wa ofisini uliwagusa watoto ambao babu zao walikuwa hawajazaliwa ulipofanywa. Mwezi Juni 2003 waasi wa Lord's Resistance Army (LRA) waliingia eneo la Teso nchini Uganda, wakachoma vijiji na kuteka watoto. Mtoto wa miaka tisa wa Katakwi alilala msituni au kambini akihofia kutekwa. Mwenzake wa Adungosi, wa umri huohuo na lugha hiyohiyo, alilala kwao, akaamka akaenda shule. Hakuna kati yao aliyekuwa amefanya lolote la kustahili usiku wake.

La pili ni afya. Mwaka 1998 ulianza mradi wa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, kusini mwa Busia, ambako watoto wengi hucheza na kuoga katika maji yenye kichocho. Dawa hazikuweza kufika shule zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo majina ya shule yalipangwa kwa alfabeti ndani ya kila eneo, na kila shule ya tatu katika orodha ikatiwa katika kundi moja. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: kukosa masomo kulipungua kwa takribani robo katika shule zilizopata dawa. Matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi hao wakiwa watu wazima, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na matumizi ya nyumbani yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 14 na mapato ya kila saa ya kazi yaliyozidi kwa asilimia 13. Wataalamu wengine wamebishana juu ya hesabu za utafiti wa awali, lakini jambo lililo wazi ni la kutosha kwa mjadala huu. Nafasi ya jina la shule katika orodha iliamua mtoto atameza vidonge mwaka gani, na vidonge hivyo vilikuwa miongoni mwa sababu za bidii yake darasani. Mwalimu aliyemwona amesinzia akamwita mvivu alikuwa anakemea minyoo.

La tatu ni tabia ya kundi ambalo mtu analikuta, na mfano wake unatoka kwa nyani wa Maasai Mara. Mwanasayansi Mmarekani Robert Sapolsky alianza kuchunguza nyani wa Kenya mwaka 1978. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja alilolifuatilia walikuwa wakipigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Madume wapole, ambao hawakuwa na ubavu wa kufika jalalani, walibaki na majike, na kundi zima likatulia. Jambo la ajabu lilionekana miaka mingi baadaye: madume wale wapole wote walikuwa wameshaondoka, lakini madume vijana waliohamia kutoka makundi mengine walichukua tabia ya upole waliyoikuta. Sapolsky na Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004. Mwaka 2023 Sapolsky alitoa kitabu kinachokana kabisa kuwapo kwa hiari. Kwa maoni yake, homoni za dakika iliyopita, malezi ya utotoni, jeni na utamaduni wa mababu vinamaliza maelezo yote ya tendo, na hakuna nafasi inayobaki ya mtu kulaumiwa wala kusifiwa.

Majibu matatu

Majibu yaliyotolewa kwa swali hili yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza, ambalo Sapolsky ni msemaji wake mashuhuri wa siku hizi, linasema sababu zinatawala kila kitu na kwa hiyo hiari ni jina tu. Nguvu ya jibu hili ni huruma yake. Anayeona minyoo nyuma ya uvivu hataharakisha kiboko. Udhaifu wake ni kwamba linawatia katika kapu moja mtu aliyesukumwa na mtu aliyeruka. Wote wawili walianguka kwa sababu zilizotangulia, lakini yeyote aliyewahi kusukumwa anajua kwamba kuna tofauti, na nadharia isiyoweza kuieleza tofauti hiyo bado haijafika mwisho.

Kundi la pili linasema hiari ipo, na kwa hiyo ulazima wa sababu si kweli. Wengi wa kundi hili huegemea fizikia ya chembe ndogo. Mwaka 1927 Werner Heisenberg alionyesha kwamba mahali pa chembe na mwendo wake haviwezi kujulikana vyote viwili kwa usahihi kamili, na wanafizikia wengi wamechukua kwamba matukio ya kiwango hicho yana unasibu wa kweli. Lakini unasibu haumpi mtu uhuru. Mkono ukirushwa na tukio la bahati ndani ya ubongo, tendo hilo linakuwa mbali zaidi na mwenye mkono. Uamuzi unaohesabiwa kuwa wa mtu ni ule uliotokana na yale anayoyajua, anayoyapenda na anayoyathamini. Na kutokana na kitu ni kuwa na sababu.

Kundi la tatu linasema hiari na sababu zinaweza kukaa pamoja. David Hume, mwaka 1748, aliandika kwamba mtu huru ni yule anayetenda kama anavyotaka, na asiye huru ni mfungwa aliye katika minyororo. Jibu hilo lilikuwa mwanzo mzuri lakini halikutosha, kwa sababu mlevi naye hutenda kama anavyotaka anapoinua bilauri, na bado kuna jambo limemshika. Wanafalsafa John Martin Fischer na Mark Ravizza, katika kitabu cha mwaka 1998, waliongeza kipimo kilichokuwa kikikosekana: mtu anawajibika pale ambapo uwezo wake wa kuamua unaweza kuzisikia hoja na kuziitikia. Angeambiwa jambo lenye uzito, je, angebadili mwenendo? Kipimo hiki hakihitaji mwanya wowote katika mnyororo wa sababu. Hoja iliyosikiwa ni sababu pia, na sikio linaloipokea ni sehemu ya maumbile.

Majaribio ya ubongo hutajwa mara nyingi katika mjadala huu. Mwaka 1983 Benjamin Libet aliripoti kwamba watu walioombwa kukunja kifundo cha mkono au kidole wakati wowote walioutaka walionyesha dalili za umeme katika ubongo takribani theluthi ya sekunde kabla ya wao wenyewe kuhisi wamekusudia. Wengi walihitimisha kwamba ubongo huamua na mwenyewe huarifiwa baadaye. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba dalili hizo zinaweza kuwa mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka, ambayo hayajawa uamuzi. Zaidi ya hayo, kukunja kidole bila sababu ni tendo dogo mno. Maamuzi yanayowashughulisha watu, kama vile kuuza shamba, kusamehe deni au kuvuka mpaka kutafuta kazi, hufikiriwa kwa siku na miezi, na hujadiliwa na watu wengi.

Moto wa Februari

Kikao kimoja cha wazee ambacho mwandishi alikihudhuria katika ujana wake, Adungosi, kinaonyesha jinsi kipimo cha kundi la tatu kinavyofanya kazi mahali ambapo hasara ni ya kweli.

Ilikuwa Februari, mwisho wa kiangazi, watu wakitayarisha mashamba kabla ya mvua za masika. Kijana mmoja alichoma mabua ya mahindi katika shamba la baba yake mchana wa jua kali. Upepo ukageuka. Cheche zikavuka ua wa mikonge, zikaangukia paa la nyasi la ghala la jirani, na magunia ya mahindi na mtama yakateketea. Watu walikutana kesho yake chini ya mwembe. Kijana alisimama kofia mkononi, ndala zake zikiwa bado na majivu katika mikanda.

Shangazi yake ndiye aliyeanza kumtetea. "Upepo ni wa Mungu," alisema. "Nani aliuita?" Hakuna aliyembishia. Mzee wa kijiji alimwacha amalize, kisha akamgeukia kijana.

"Mwanangu, upepo wenyewe uliuona?"

"Niliuona, mzee."

"Ulikuwa unaelekea wapi?"

"Asubuhi ulikuwa unaelekea barabarani. Mchana ndio ukageuka."

"Na huku kwetu, mchana wa Februari upepo hufanya nini?"

Kijana alinyamaza kidogo. "Hugeuka, mzee."

"Ulifyeka njia ya moto?"

"Hapana, mzee."

"Kuna mtu aliyekwambia usubiri jioni?"

"Mama aliniambia."

Hapo mzee mwingine aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliomba nafasi. Hakumuuliza kijana, alimuuliza baba yake: ng'ombe wa kulimia walikuwa wameahidiwa lini? Baba akajibu walikuwa wa asubuhi iliyofuata, na kwamba alikuwa amemwamuru mwanawe shamba liwe safi kabla ya magharibi, la sivyo zamu ya jembe ingempita. Mzee akatikisa kichwa. Uamuzi ulipotolewa, kijana alipewa kazi ya kujenga ghala upya kwa mikono yake, kuanzia kukata nyasi hadi kuezeka. Baba yake alitakiwa kumrudishia jirani sehemu ya magunia baada ya mavuno. Wote wawili walikubali, na jirani akapokea mikono yao.

Maswali yale yana mafunzo kwa yeyote anayesoma Laplace. Hakuna hata moja lililotaka kujua kama kijana aliweza kuukata mnyororo wa sababu za ulimwengu. Yaliuliza kama alijua, kama alionywa, kama onyo lilimfikia sikioni, na kama alikuwa na njia nyingine ambayo mtu wa umri wake angeweza kuifuata. Haya ni mambo yanayoweza kuchunguzwa na kushuhudiwa, na majibu yake yangebaki vilevile hata kama ulimwengu mzima ungekuwa umepangwa tangu mwanzo. Neno la shangazi lilikuwa kweli, lakini ukweli huo haukufuta swali la mzee. Na swali la mzee wa pili lilionyesha kwamba kutafuta sababu nyuma ya tendo hakumwondolei mtendaji jukumu lake. Kunaweza kuligawa, na kumfikia aliyebaki nyuma ya pazia.

Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyechapisha kitabu juu ya Wateso wa Kenya mwaka 1978, baadaye aliandika pia juu ya namna watu wanavyotenda ndani ya miundo ya jamii ambayo hawakuijenga wao. Kikao cha Adungosi kilikuwa kazi hiyohiyo, ikifanywa na watu waliotakiwa kupata jibu kabla ya jua kuzama.

Sheria inavyopima hiari

Sheria za nchi nazo zimechukua njia ya viwango. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lililofanyika pasipo utashi wake, wala kwa tukio la ajali. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inamchukulia aliye chini ya miaka 14 kuwa hawezi kupambanua mema na mabaya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uwezo wa kuamua, kwa mujibu wa sheria hizi, hukua pamoja na mtu.

Mahakama za juu za Kenya na Uganda zimekwenda mbele zaidi. Tarehe 21 Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu ya Uganda ilithibitisha kwamba hukumu ya kifo ya lazima inakiuka katiba. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi wa namna hiyo katika kesi ya Francis Muruatetu kuhusu kosa la mauaji. Kiini cha maamuzi yote mawili ni kwamba jaji hawezi kuzuiwa kusikiliza mazingira ya mtenda kosa kabla ya kumhukumu: umri wake, historia yake, hali iliyomfikisha pale. Hatia inaweza kuwa moja, lakini kiwango cha lawama kinatofautiana.

Kesi ngumu kuliko zote katika ukanda huu ni ya Dominic Ongwen. LRA walimteka kaskazini mwa Uganda akiwa na umri wa miaka ipatayo tisa, akiwa njiani kwenda shule. Alikuzwa na wauaji, akawa kamanda wao. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61, yakiwemo mashambulizi dhidi ya kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Mawakili wake walidai kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili na kwamba alitenda kwa kushurutishwa. Majaji walikataa madai yote mawili. Walizingatia, pamoja na mengine, kwamba wapiganaji wengine walitoroka na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na nafasi za kuondoka. Hata hivyo, mwezi Mei mwaka huo walimpa kifungo cha miaka 25 badala ya maisha, na kutekwa kwake utotoni kulikuwa sababu kubwa ya kupunguza adhabu.

Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa mkali mno, na wapo wanaouona kuwa mwepesi mno. Katika mjadala wa hiari una thamani ya pekee, kwa kuwa umeshika kweli mbili bila kuiangusha hata moja. Mtoto aliyetekwa hakuchagua kuwa mwanajeshi. Mtu mzima aliyetoa amri miaka mingi baadaye alikuwa na uwezo wa kuzipima amri zake, ingawa uwezo huo ulijengwa katika mazingira yaliyoupinda.

Kuna hatari katika upande wa kumwondolea mtu hiari pia, na historia ya jirani wa Wateso inaikumbusha. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa miongoni mwa Wabukusu, aliwahimiza watu kukataa amri za serikali ya kikoloni. Mwaka 1945 alitangazwa kuwa hana akili timamu na kupelekwa hospitali ya Mathari, Nairobi, ambako alishikiliwa hadi 1947. Kumwita mtu mgonjwa kulikuwa njia ya kukataa kumjibu. Mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson aliandika mwaka 1962 kwamba hasira, shukrani na msamaha ni sehemu ya kumchukulia mwingine kuwa mwenzako, na kwamba anayekutazama kama kitu cha kurekebishwa tu amekutoa katika mazungumzo ya wanadamu. Yaliyompata Masinde yanaonyesha gharama ya mtazamo huo ukishikwa na wenye mamlaka.

Odera Oruka na nguvu za uhalifu

Mwanafalsafa wa Afrika Mashariki aliyelikabili swali hili uso kwa uso ni Henry Odera Oruka. Alizaliwa mwaka 1944 Ugenya, katika Siaya inayopakana na Busia, akasoma Uppsala nchini Uswidi, na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu adhabu barani Afrika, alidai kwamba nyuma ya kila tendo la jinai kuna nguvu za uhalifu zilizomo katika jamii: umaskini, dhuluma, malezi yaliyovunjika. Jamii humwadhibu mtu na kuziacha nguvu hizo zikiendelea kuzaa wahalifu wengine. Kwa sababu hiyo alitaka adhabu iondolewe na mahali pake pachukuliwe na kazi ya kutibu chanzo.

Oruka alikuwa sahihi katika jambo kubwa: adhabu isiyogusa chanzo hurudiwa bila kikomo. Hata hivyo, kikao cha moto wa Februari kinaonyesha njia ambayo haikulazimika kuchagua kati ya mtu na chanzo. Kijana alibeba nyasi na baba yake akabeba magunia, na tangu mwaka ule familia jirani zilianza kukubaliana siku za kuchoma mashamba kabla ya kupanga zamu za ng'ombe. Jukumu lilipowekwa mahali pake, chanzo nacho kilibadilika. Baadaye Oruka mwenyewe alizunguka vijijini akiwahoji wazee wenye hekima na kuchapisha mazungumzo hayo mwaka 1990. Aliwatofautisha wanaohifadhi mila na wanaoihoji. Mzee aliyeuliza habari za ng'ombe wa kulimia angestahili kuhesabiwa katika kundi la pili.

Kuchagua sababu za kesho

Kumbukumbu ya mwisho inahusu fundi mmoja wa baiskeli katika soko la Adungosi. Ustadi wake ulijulikana, na chang'aa ilimjua pia. Aliapa kanisani kuacha, akaapa mbele ya kaka zake, na kila mara jioni ilimkuta palepale. Watu walisema hana nia. Siku moja alihamisha vifaa vyake, pampu, beseni la maji la kutafutia pancha na boksi la spana, kutoka upande wa soko ulioelekeana na kibanda cha pombe hadi upande wa kinu cha unga. Akawaambia wateja wamlipe mke wake, aliyekuwa akiuza mboga hatua chache kutoka hapo. Akaanza kufunga kazi kabla ya saa kumi na moja, wakati wanywaji walikuwa hawajakusanyika. Kiu haikwisha mara moja, lakini iliacha kukutana na pesa, saa na mlango kwa pamoja. Alipoulizwa na vijana amewezaje, alijibu kwamba saa kumi na mbili jioni yeye ni mtu dhaifu, kwa hiyo aliamua asubuhi.

Maneno hayo yana sehemu kubwa ya jibu la swali lote. Viapo vyake vya kwanza vilichukulia kwamba hiari ni nguvu iliyo juu ya sababu, inayoweza kuziamuru wakati wowote. Mbinu yake ya pili ilizikubali sababu kama zilivyo, ikazichunguza, ikazipanga upya. Kadiri alivyoelewa kinachomwendesha, ndivyo alivyopata pa kushika. Nyani wa Maasai Mara walibadilika kwa sababu ya ajali ya jalalani; fundi alibadilika kwa kuielewa hali yake mwenyewe na kuitengeneza. Katika visa vyote viwili kuna sababu na matokeo, lakini katika cha pili mojawapo ya sababu ni ufahamu wa mtu kuhusu nafsi yake. Hapo ndipo hiari ilipo.

Mafunzo

La kwanza ni kwamba uhuru wa kuwa chanzo cha kwanza cha nafsi yako haupo kwa mwanadamu yeyote. Hakuna anayechagua mwaka, mpaka, minyoo wala wazazi. Anayelikumbuka hilo hawezi kujivuna sana kwa mafanikio yake, wala kumdharau aliyeshindwa.

La pili ni kwamba uhuru mwingine upo, na ndio unaotumika katika kikao, mahakamani na nyumbani: uwezo wa kujua, kusikia onyo, kupima hoja na kubadili mwenendo. Uwezo huu hauhitaji ulimwengu usio na sababu. Unahitaji ubongo wenye afya, habari za kweli, muda wa kufikiri na watu wa kushauriana nao.

La tatu ni kwamba uhuru huo una viwango. Mtoto anao kidogo, mlevi anao asubuhi kuliko jioni, na aliyetekwa utotoni ameupata ukiwa umejeruhiwa. Lawama ya haki hufuata viwango hivyo, na kwa hiyo humlazimu mwenye kuhukumu kuuliza kabla ya kusema.

La nne, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba uwezo huo hujengwa. Kidonge cha minyoo kwa mtoto wa Budalangi, usiku wa amani kwa mtoto wa Katakwi, baba anayempa mwanawe siku moja zaidi ya kusafisha shamba, mteja anayekubali kumlipa mke wa fundi: kila kimoja ni sababu inayomwongezea mtu mwingine nafasi ya kuamua mwenyewe. Jamii inayotaka watu wawajibike ina deni la kuwapa kwanza vitu vinavyowezesha kuwajibika. Nadharia ya ulazima wa sababu, ikishikwa vizuri, haiondoi hiari. Inaonyesha mahali inapotoka, na kwa hiyo mahali pa kuanzia kazi ya kuikuza.